Betri ya Kuchaji na Altimita ya Roketi: Kinga Ikae Wapi?

Miongoni mwa maswali yanayowatatiza wapenzi wa roketi ndogo pindi wanapovuka kutoka roketi za kadibodi na kuingia katika roketi zinazobeba vyombo vya umeme, hakuna linalozua ikhtilafu kwa wepesi kama swali la betri. Mtu ameshainunua altimita yake na kuyasoma maelezo yaliyokuja nayo. Sasa anataka kuachana na betri ya mraba ya volti 9, ambayo hutupwa baada ya mirusho michache, na kuweka mahali pake betri ya lithiamu inayochajika. Akiuliza, mmoja humwambia kwamba betri ya volti 9 ndiyo peke yake ya kutegemewa. Mwingine humwambia kwamba hakuna mrushaji makini anayeitumia siku hizi. Wa tatu humsihi asithubutu kununua betri ya lithiamu isiyokuwa na saketi ya kinga. Na wa nne humwapia kwamba saketi hiyo hiyo ya kinga ndiyo itakayoiangamiza roketi yake. La kustaajabisha zaidi ni kwamba kila mmoja wao ana ushahidi wa macho: amejaribu, ameona, na matokeo aliyoyapata ni ya kweli.

Ushahidi wa kweli unapogongana namna hii, aghalabu kosa limo katika swali lenyewe. Watu huulizana ni betri gani iliyo bora, na huku ubora wa betri hauwezi kuhukumiwa mpaka ijulikane inamtumikia nani na katika dharura ya namna gani. Swali lenye manufaa ni hili: pale ambapo haiwezekani kuiokoa betri na roketi kwa pamoja, ni kipi kati ya viwili hivyo ambacho mrushaji yu radhi kukipoteza?

Altimita inataka nini kwa betri

Roketi za wapenzi zilipoanza hazikuwa na betri ndani yake hata kidogo. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska huko Marekani, ndiye aliyetengeneza mwaka 1954 roketi ndogo iliyopaa kwa injini ya baruti na kurudi kwa mwavuli, naye G. Harry Stine, aliyepata kufanya kazi katika uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, akaieneza fani hiyo na kukianzisha mwaka 1957 chama kinachojulikana hadi leo kwa jina la National Association of Rocketry (NAR). Katika mpango wao injini yenyewe ndiyo iliyobeba saa: baruti ya msukumo ikiisha, tabaka la kuchelewesha huungua polepole kwa sekunde kadhaa, kisha huripuka baruti kidogo iliyo juu yake na kuusukuma mwavuli nje.

Mambo yalibadilika roketi zilipokuwa kubwa na kupanda juu zaidi. Roketi inayoufungua mwavuli wake mkubwa ikiwa mita 1,000 juu, na kushuka mita 5 kwa kila sekunde, hukaa angani sekunde 200, na upepo wa mita 6 kwa sekunde huipeleka mita 1,200 mbali na mwenyewe, ng'ambo ya barabara na ndani ya mashamba ya watu. Ndipo ukaja mtindo wa kufungua mara mbili, yaani mwavuli mdogo kileleni, ili roketi ishuke kwa kasi inayovumilika, na mwavuli mkubwa ikifika mita 150 au 200 kutoka ardhini. Mwenye kuamua nyakati hizo mbili ni altimita, kibao kidogo chenye kipima kanieneo ya hewa, prosesa, kapasita, na transista ambazo kazi yake ni kuuruhusu umeme wa betri upite mpaka kwenye kiberiti cha umeme kilichofukiwa ndani ya baruti.

Mzizi wa mzozo wote uko hapa, kwa sababu altimita ina mahitaji mawili yasiyofanana hata chembe. La kwanza ni kuiendesha prosesa na kipima hewa, kazi ambayo katika altimita nyepesi huchukua miliampea chache tu, hata betri ndogo ya miliampea-saa 400 ingeifanya kwa siku kadhaa mfululizo bila ya kuchoka. La pili ni kuwasha kiberiti, ambacho ukinzani wake aghalabu ni kati ya omu 1 na 2, nacho hutaka mkondo wa karibu ampea 1 kwa milisekunde chache ili kiwake kwa yakini. Hitaji la kwanza ni la subira na la pili ni la nguvu ya ghafla. Betri inayolimudu la kwanza yaweza kushindwa na la pili, na ikishindwa, hata kwa kitambo kidogo mno, prosesa nayo hukosa umeme ikazimika. Altimita iliyozimika kisha ikawaka tena angani haijui kwamba iko angani. Nyingi huanza upya kama zilivyoanza kwenye reli ya kurushia, zikiusubiri mruko ambao umekwisha kupita, na mwavuli mkubwa haufunguki abadan.

Betri ya volti 9 na watetezi wake

Watetezi wa betri ya volti 9 hudhaniwa kuwa ni watu walioshikilia mazoea, lakini hoja yao imesimama juu ya nguzo mbili zilizo imara. Ya kwanza ni kwamba watengenezaji wengi wa altimita walivibuni vyombo vyao wakiikusudia betri hiyo na kuyaandika maelezo yao kwa mujibu wa tabia zake. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kwamba udhaifu wa betri ya volti 9 ni kinga kwa altimita. Ndani yake mna seli 6 ndogo zilizoungwa kwa mfululizo, na ukinzani wake wa ndani hukaribia omu 2 hata ikiwa mpya. Basi hata ikipigwa shoti, haiwezi kutoa zaidi ya ampea 5 au 6, kiasi ambacho transista nzuri huweza kukistahimili kwa muda mfupi.

Udhaifu huo huo ndio mzigo wake. Kiberiti cha omu 1.5 kikiunganishwa na betri ya volti 9 yenye ukinzani wa ndani wa omu 1.7, mkondo utakuwa karibu ampea 2.8, nao unatosha kabisa kukiwasha. Lakini volti zitakazobaki kwenye ncha za betri wakati huo ni 4.2 tu. Hesabu hiyo ni ya betri mpya katika hali ya hewa ya wastani. Betri iliyokwisha kutumika, au iliyokaa saa nzima katika baridi ya uwanda wa Marekani katika majira ya kipupwe, ukinzani wake huongezeka, na zile volti 4.2 hushuka mpaka chini ya kiasi ambacho prosesa inakihitaji. Watengenezaji hutia kapasita ili iushikilie uhai wa prosesa kwa kitambo hicho, na kama kiberiti kimewaka na uzi wake kukatika upesi, kama ilivyo ada, kapasita hutosha. Taabu ni kwamba mrushaji hana njia nyepesi ya kuujua upungufu wa betri yake mapema, kwa kuwa testa ikiwekwa kwenye betri isiyobeba mzigo huweza kuonyesha volti zinazokaribia 9 kwa betri nzima na kwa betri iliyochoka vilevile.

Kuna na jambo la mwendo. Betri hii ina uzito wa karibu gramu 46; roketi ikiondoka kwa mchapuko ulio mara 20 ya ule wa mvuto wa ardhi, betri huvigandamiza vishikizo vyake kama kitu cha gramu 920. Ndani ya baadhi ya matoleo seli zimechomelewa, na ndani ya mengine zimebanwa tu zigusane. Na kile kifuniko cha vifungo viwili kinachoivaa betri kwa juu kilikusudiwa redio ya mezani, wala hakikukusudiwa safari ya namna hii. Mguso ukiachana kwa sehemu ndogo ya sekunde, matokeo ni yale yale ya altimita kuzimika.

Wako wanaodhani kwamba suluhu ni betri ya kuchaji yenye umbo lile lile la mraba. Ile ya nikeli ina uwezo mdogo, na aina zake za kawaida hupoteza chaji zikiwa kabatini tu. Ile ya lithiamu yenye tundu la kuchajia la USB mara nyingi ina ndani yake saketi ya kurekebisha volti, ambayo ikikutana na mkondo mkubwa wa ghafla hujizima. Umbo ni la betri ya kale, lakini tabia ni nyingine kabisa. Kwa altimita ya kuwasha baruti, hii ya USB ndiyo mbaya kuliko zote zinazozungumzwa hapa, kwa sababu humpa mtumiaji utulivu wa moyo asiokuwa na haki nao.

Lithiamu polima: nguvu na gharama yake

Seli moja ya lithiamu polima ina volti 3.7 kwa wastani, hufika 4.2 ikijaa, wala haifai kuachwa ishuke chini ya 3.0; pakiti ya seli mbili kwa mfululizo ina 7.4 kwa wastani na 8.4 ikijaa. Ukinzani wake wa ndani ni sehemu ndogo sana ya omu, hata pakiti ya miliampea-saa 400 iliyoandikwa kwamba yaweza kutoa mara 20 ya uwezo wake huhesabiwa kutoa ampea 8. Seli moja ya kiasi hicho ina uzito wa karibu gramu 10. Waya zake zimelehemiwa, hivyo hakuna kifungo cha kuchomoka. Na juu ya yote, inayo fadhila ambayo betri ya kutupwa haina: ukiichaji asubuhi ya siku ya kurusha mpaka volti 4.2 kwa seli, unajua kwa yakini imejaa, ilhali betri ya volti 9 iliyotoka mfukoni hutoka na historia isiyojulikana. Bdale Garbee na Keith Packard, walioanzisha kampuni ya Altus Metrum, waliijenga altimita yao iitwayo TeleMetrum juu ya seli moja ya aina hii, pamoja na njia ya kuichaji kupitia waya wa USB katika kibao chenyewe.

Gharama ya nguvu hiyo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ya volti. Zipo altimita zinazopokea kutoka volti 4 hadi 16, na zipo ambazo ukomo wake ni 10. Pakiti ya seli tatu, yenye volti 12.6 ikijaa, huzifaa zile za kwanza na huzichoma hizi za pili papo hapo. Na seli moja peke yake, ambayo hukaa muda wake mwingi chini ya volti 4, haifai kwa altimita isiyokusudiwa hivyo, hata kama mezani huonekana kuiwasha. Makosa mengi yanayosemwa kuwa ni ya lithiamu ni makosa ya kutosoma kiwango hiki kimoja.

Ya pili ndiyo iliyo nzito. Kiberiti cha umeme kikishawaka, ncha za waya zake zilizoungua huweza kugusana, na kile kilichokuwa omu 1.5 kikawa karibu na sifuri. Betri ya volti 9 katika hali hiyo hunyong'onyea. Pakiti ya volti 8.4, njia yake yote ya waya na maungio ikiwa na omu 0.25, hutoa zaidi ya ampea 30, na transista iliyokusudiwa ampea chache huungua, au njia nyembamba ya shaba katika kibao huyeyuka. Wengine hujibu hatari hiyo kwa kurudi kwenye betri dhaifu. Jibu lililo bora, nalo ni rahisi kwa bei na kwa kazi, ni kutia ukinzani wa omu 1 katika waya wa kiberiti wenyewe. Mkondo wa kuwashia, kwa kiberiti kile kile cha omu 1.5, utakuwa bado karibu ampea 3, na wa shoti hautafika ampea 7. Na kwa kuwa ukinzani huo haupo katika njia itokayo kwenye betri kwenda kwenye prosesa, prosesa haipungukiwi na kitu. Ukinzani uliomo ndani ya betri ya volti 9 humlinda transista na kumdhuru prosesa kwa wakati mmoja. Ukinzani ule ule, ukihamishwa mahali, humlinda wa kwanza bila ya kumgusa wa pili.

Ya tatu ni moto. Pakiti ya lithiamu iliyotobolewa na ncha ya skrubu, au kuchajiwa kupita kiasi, huweza kuwaka, na katika chumba cha altimita jirani yake ni baruti. Hatari hii ni ya kweli na haifai kupunguzwa kwa maneno.

Saketi ya kinga: mlinzi katika mlango usio wake

Kutokana na khofu hiyo ya moto, betri nyingi za seli moja huuzwa zikiwa na kibao chembamba cha kinga, kilichofichwa chini ya utepe wa manjano pale waya zinapotokea. Kibao hicho kina kazi tatu: kuzuia seli isichajiwe kupita volti zake, kuzuia isikaushwe mno, na kukata njia pale mkondo unapopita kiwango kilichowekwa. Hiyo ya tatu hufanyika kwa milisekunde chache, na vibao vingi, vikishakata, haviurudishi umeme mpaka mzigo uondolewe. Katika simu au kichezeo hilo ni jambo la busara, kwa kuwa hasara yake ni chombo kuzimika mkononi mwa mwenyewe. Katika roketi hakuna wa kuuondoa mzigo. Betri imesalimika, haina hata alama, na roketi ya kilo mbili inashuka kichwa chini.

Hapa ndipo inapoelezeka ile ajabu ya mashahidi wanaopingana wote wakiwa wakweli. Kiberiti kizuri, kikipata mkondo wa kutosha, huwaka na kukatika kabla ya kibao cha kinga kuwahi kuamua lolote. Kwa hiyo mrushaji anayejaribu mezani, mara hii na mara ile, huona kiberiti kinawaka na altimita iko hai, naye hutoka akisema kwamba kinga haina madhara. Madhara huja siku ambayo kiberiti kimebaki katika shoti baada ya kuwaka, au mrushaji ametia viberiti viwili sambamba katika njia moja kwa ajili ya uhakika zaidi, ukinzani ukashuka kufikia omu 0.75 na mkondo ukaongezeka maradufu. Hivyo jaribio la hali njema haliwezi kutoa hukumu juu ya chombo ambacho kazi yake huanza hali ikiharibika, na hili ndilo kosa la hoja linalorudiwa kuliko yote katika mjadala huu.

Hata hivyo watetezi wa kinga wana haki yao, na haki hiyo haimaliziki kwa kusema tu kwamba kinga ikatwe. Altimita nyepesi ikisahaulika imewashwa usiku mzima haitaikausha pakiti ya miliampea-saa 400. Lakini chombo chenye redio na GPS kinachotumia miliampea 60 kitaimaliza kwa muda usiofika saa 7, na seli ya lithiamu iliyoshushwa mno huharibika ndani, na kuichaji tena ni kuikaribisha hatari. Anayeondoa kinga amejitwika wajibu wa kinga. Ni vyema basi kuzitenga zile kazi tatu na kuuliza kila moja inastahiki kukaa wapi. Kuzuia kuchaji kupita kiasi ni kazi ya chaja, ambayo hukaa chini, mezani, mbele ya macho ya mtu. Chaja nzuri hushika volti 4.2 kwa seli na kuzisawazisha seli mbili zisizidiane. Kuzuia kukausha ni kazi ya mtumiaji, naye husaidiwa na altimita nyingi ambazo hutangaza volti za betri kwa milio kila zinapowashwa. Kuzuia mkondo mkubwa ni kazi ya ule ukinzani katika waya wa kiberiti. Hakuna hata moja kati ya tatu hizi iliyo lazima ifanyike ndani ya betri wakati roketi iko angani.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji yetu, ambako betri ya lithiamu inayopatikana kwa wepesi ni ya simu, na betri za simu zina kibao cha kinga. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, huko Juja, wamekuwa wakitengeneza na kurusha roketi katika mradi wao uitwao Nakuja, na kila kundi la vijana litakalowafuata, Nairobi au Dar es Salaam, litakutana na swali hili mapema. Wenye vifaa vichache ndio wanaohitaji zaidi kujua nini kimo chini ya ule utepe wa manjano, kwa sababu roketi iliyopotea kwao ni kazi ya mwaka mzima.

Betri moja au mbili

Kuna rai inayotaka prosesa iwe na betri yake na viberiti viwe na betri yao, ili shoti ya kiberiti isiweze kumzimisha prosesa kwa hali yoyote. Kwa nadharia rai hiyo haina dosari, na zipo altimita zenye viungio vya kuiwezesha. Lakini kila betri huleta plagi yake, waya zake na swichi yake, na katika roketi vitu hivyo ndivyo vinavyoharibika kuliko prosesa yoyote. Mwenye nafasi na uzito wa kubeba betri mbili atafaidika zaidi kwa kubeba altimita mbili kamili, kila moja na betri yake, swichi yake na viberiti vyake, zisizoshirikiana hata waya mmoja.

Uunganishaji wenyewe

Hatari iliyo karibu kuliko zote hukaa katika plagi. Plagi ndogo nyeupe za seli moja hufanana zote kwa macho, lakini watengenezaji hawakuafikiana ni upande upi uwe chanya na upi uwe hasi, hata betri ya muuzaji mmoja huingia vizuri katika altimita ya mwingine ikiwa imegeuzwa, na altimita ikafa kabla mtu hajauondoa mkono. Mtu angeuliza kwa nini watengenezaji hawakutia dayodi ya kuzuia umeme uliogeuzwa. Sababu ni kwamba dayodi hula sehemu ya volti, kati ya 0.3 na 0.7 kwa kadiri ya aina yake, na katika seli moja ya volti 3.7 hasara hiyo ni kubwa mno kwa chombo ambacho kila volti yake inahesabika. Rangi ya waya isitoshe kuwa hoja: testa iwekwe kwenye matundu ya plagi, chanya kitambulikane kwa namba, ndipo plagi iingie.

Ikibidi kubadilisha plagi, waya zikatwe mmoja mmoja. Mkasi unaokata waya mbili za betri ya lithiamu kwa pamoja ni shoti ya chuma mkononi mwa fundi. Waya mwekundu hukatwa kwanza peke yake, huvishwa mpira unaobana kwa joto, huambuliwa, hulehemiwa kwenye plagi mpya, mpira husogezwa na kupashwa moto mpaka ukabana. Na ni baada tu ya kiungio hicho kufunikwa kabisa ndipo waya mweusi unapoguswa. Kulehemu kufanyike kwenye waya, katu kusifanyike kwenye vile vibamba laini vinavyotoka katika seli yenyewe, kwa kuwa joto huviharibu viungo vya ndani visivyoonekana.

Swichi hukaa kati ya betri na altimita, au katika matundu maalumu ambayo altimita nyingi zimetengewa kwa kazi hiyo. Kanuni za warushaji wa Marekani, zile za NAR na za chama cha Tripoli pamoja na msimbo wa NFPA 1127 unaohusu roketi kubwa, zimeshikilia shina moja: umeme usiifikie baruti mpaka roketi iwe imesimama kwenye reli yake na kuelekezwa juu. Betri ya lithiamu huitilia nguvu kanuni hii, maana betri ya volti 9 mtu huweza kuzoea kuivua na kuivika kama swichi, lakini plagi ya lithiamu iliyofungwa ndani haifikiwi. Kwa sababu hiyo hiyo kuchaji kufanyike betri ikiwa nje ya roketi. Na kwa altimita zenye chaja yake ndani, viberiti viondolewe kwanza.

Pakiti yenyewe ni laini, haina kopo la bati. Ilale juu ya sifongo nyembamba, mbali na ncha za skrubu, ishikwe kwa ukanda mpana usioikaba, na waya zake zifungwe karibu na pakiti ili uzito wa mchapuko usiubebeshe ulehemu. Waya wa nyuzi nyingi ndio unaofaa. Wa uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko.

Kuzipima hoja

Anayerusha mara chache kwa mwaka, kwa altimita iliyokusudiwa betri ya volti 9, hana sababu ya kuona haya kwa kuendelea nayo, maadamu atatia betri mpya ya alkalini kila siku ya kurusha na kuifunga ili vifungo vyake visiweze kuachana. Hoja ya kwamba betri hiyo imepitwa na wakati ni ya fahari zaidi kuliko ya umeme. Anayerusha mara nyingi, au katika baridi, au kwa roketi nyembamba ambamo gramu 46 ni nyingi, atahukumiwa na mahitaji yake kuelekea lithiamu: seli moja pale ambapo altimita imejengwa kwa seli moja, seli mbili pale ambapo ukomo wa volti unaruhusu, katika hali zote bila ya kibao kinachokata mkondo, na kwa ukinzani wa omu 1 katika kila njia ya kiberiti kama mtengenezaji hakusema bayana kwamba transista zake zinastahimili shoti. Na yule ambaye hawezi kuuchukua wajibu wa kuchaji akiwa macho na kuzipima volti kila mara, huyo naye abaki na betri ya kutupwa, wala asiichukue lithiamu yenye kinga akidhani amepata vyote viwili.

Lakini uamuzi wowote kati ya hayo usipokewe kabla ya jaribio la hali mbaya. Altimita huwekwa ndani ya chupa ya kinywa kipana pamoja na betri ile ile itakayoruka, swichi ile ile na waya zile zile. Baruti na viberiti havihusiki, na mahali pa kiberiti huwekwa rezista ya omu 1 yenye kuhimili wati 10. Chupa huzibwa, hewa hunyonywa kwa bomba la sindano kuiga kupanda, kisha huachiwa polepole irudi kuiga kushuka, na fundi husikiliza. Altimita ikipita kilele, ikatoa umeme wake kwa rezista na kuendelea kuhesabu kushuka mpaka njia ya pili, betri imefaulu. Ikitoa ile milio ya kuanza upya, imeshindwa, hata kama rezista imepata moto wa kutosha. Jaribio hilo lirudiwe betri ikiwa imeshushwa mpaka volti 3.7 kwa seli na kukaa jokofuni saa moja, kwa kuwa roketi huweza kungoja zamu yake kwenye reli tangu asubuhi, na umeme utakaoifungua miavuli ni ule utakaokuwa umebaki wakati huo.